Nina cheti cha jinsia cha Uingereza. Je, Nairobi watakikubali?

Swali: Wakili, nina uraia wa Kenya na wa Uingereza. Huku nimepata cheti cha kutambuliwa jinsia. Nikikipeleka Nairobi, msajili analazimika kubadilisha cheti changu cha kuzaliwa? Rafiki yangu Mromania anasema mahakama ya Ulaya imeshayamaliza haya. – Msomaji, Leicester

Jibu: Halazimiki. Rafiki yako hakukosea, ila ushindi anaousema ni wa kwao.

Kesi yenyewe ni hii. Mtu aliyezaliwa Cluj, Romania, mwaka 1992 aliandikishwa kuwa mwanamke. Alihamia Uingereza 2008, akapata uraia 2016, akabadilisha jina 2017, na 2020 akapewa cheti kama chako. Msajili wa Cluj akamkatalia: kama unataka, fungua kesi upya huku. Wala si suala la cheti peke yake. Namba ya utambulisho ya Mromania huanza na tarakimu ya jinsia. Kwa waliozaliwa karne iliyopita, 1 ni mwanamume, 2 ni mwanamke. Mtu mmoja, nchi mbili, jinsia mbili; ofisa wa mpakani amwamini yupi?

Tarehe 4 Oktoba 2024, katika kesi C-4/23, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Romania ilikosea. Hoja yake ilikuwa haki ya raia wa Umoja kuhama na kuishi nchi nyingine mwanachama. Cheti kilipatikana Uingereza ikiwa bado kwenye kipindi cha mpito cha kujitoa katika Umoja huo, hivyo Brexit haikumwangusha.

Kenya haimo katika Umoja huo, na hakuna mkataba wa dunia nzima unaoibana. Usimlipe mtu anayekuahidi kwamba apostile, yaani muhuri wa kuthibitisha hati zinazopelekwa nchi nyingine, itatosha: muhuri ule unathibitisha sahihi na wadhifa wa aliyetia sahihi, basi.

Mlango uliopo ni jina. Kenya unaweza kulibadilisha kwa hati ya kubadilisha jina (deed poll) inayosajiliwa, bila kugusa jinsia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke aliyebadili jinsia, cheti kipya cha mtihani wa kumaliza sekondari (KCSE) chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hukumu hiyo haikugusa rejista ya vizazi, lakini wakili wako wa Nairobi ataanzia hapo. Kwa sasa, ukikata tiketi, jina na jinsia vifuate pasi utakayoonyesha kaunta.