Siga Isubiri Nyota

Mke wangu hana ugomvi na nyota, ugomvi wake ni na moshi. Siku aliponikuta nimewasha siga barazani kwetu Tabata, mapazia yalinuka wiki nzima, na hukumu ikatoka hapo hapo: kitu hicho kivutwe nje, tena mbali. Ndivyo siga ilivyoingia kwenye safari zangu za kutazama anga. Nikajiona nimepata raha ya peponi, darubini mbele yangu, upepo wa bahari usoni, siga mkononi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba nikivifanya vyote viwili kwa pamoja, kimoja kinamharibia mwenzake.

Nikisema siga simaanishi sigara ya pakiti. Naongelea ile nene ya majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa, ambayo moshi wake unauzungusha mdomoni na kuutoa bila kuushusha mapafuni. Na kama hujawahi kuvuta, usianze kwa ajili yangu. Kutoumeza moshi hakumwepushi mtu na saratani ya mdomo wala ya koo. Mimi ni ya moja kwa mwezi, na kwa sababu ni moja nataka nisiipoteze.

Shida kubwa ni macho. Jicho linataka dakika 20 hadi 30 za giza ndipo lizoee vizuri, na ukiwasha kiberiti mara moja tu unaanza upya. Desemba moja, usiku wa tarehe 13, nilikuwa Kimbiji, pwani ya Kigamboni, na shemeji tukisubiri vimondo vya Jauza, vile ambavyo wataalamu huviita Geminids. Saa saba usiku, mawingu ya vuli yamefunguka, siga yangu ikazimika. Nikainama kuiwasha.

"Shemeji! Umekiona hicho?"

Kwa maelezo yake kilitoka kaskazini kikaenda kuishia baharini, kijani kabisa, na mkia wake ukabaki kidogo. Mimi nilichokiona ni moto wa kiberiti, na niliendelea kuuona huo huo kila nilipoinua uso. Mpaka leo kwenye vikao vya familia hadithi hiyo haikosi.

Hata ukiweza kuwasha bila kuangalia moto, moshi una kaboni monoksidi, nayo hupunguza oksijeni inayobebwa na damu. Uwezo wa kuona gizani ni katika vitu vya mwanzo kushuka, ndiyo maana marubani huonywa kuhusu tumbaku wanapofundishwa kuruka usiku. Halafu kuna lenzi. Moshi huacha utando unaonata, na kwa unyevu wa Dar utando huo unashika umande na chumvi ya bahari. Majivu yangu yaliwahi kudondokea kioo cha darubini nikayafuta kwa shati. Mkwaruzo upo.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu: darubini kwanza, mpaka nishibe. Nikishaifunika na kuirudisha kwenye mkoba, ndipo nakaa upande ambao upepo unatoka kwangu kwenda baharini au popote pasipo na watu, na kuwasha.

Hapo ndipo nilipogundua raha ambayo sikuitegemea. Siga ya kawaida, ukiivuta taratibu, pumzi moja kwa dakika hivi, inakwenda karibu saa nzima. Kwa saa moja anga inahama nyuzi 15, yaani kama nafasi iliyopo kati ya kidole cha shahada na kidole cha mwisho ukivitanua na kunyoosha mkono. Nachagua nyota moja iliyokaribiana na ncha ya mnazi, nawasha, na siga inapofika mwisho nyota ile imeshauacha mnazi mbali. Hakuna chombo kinachohitajika hapo. Julai, mwendo wa saa tatu au saa nne usiku, kundi la nyota la Akarabu liko juu kabisa, mkia umejikunja kama nge kweli, na Njia ya Maziwa inapita pale pale. Ukiwa na darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara kumi na yenye lenzi za milimita 50, huhitaji kununua kubwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu mahali, mimi ni mtu wa Kigamboni ya kusini. Sababu ni kwamba mwanga wa jiji unabaki mgongoni, na mambo mazuri ya anga yetu yako kusini: Msalaba wa Kusini, ambao Mei na Juni unasimama vizuri mapema usiku, na zile nyota mbili angavu zinazouelekezea. Coco Beach pamoja na taa zake zote utaona mwezi na sayari, basi. Chagua siku za giza, karibu na mwezi kuandama. Ila wavuvi wa dagaa nao hulifuata giza hilo hilo, hivyo usishangae taa zikijipanga baharini kama mtaa mpya. Omba ruhusa kwa wenyeji, usiende peke yako, na usivutie chini ya banda la makuti. Cheche moja inatosha.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyonikutanisha na mzee mmoja, mvuvi mstaafu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba kisha akauliza nawinda nini. Nikamwelekezea sayari ya Mshtarii (Jupita) ili aone miezi yake minne, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Alikaa kwenye lenzi muda mrefu.

"Kumbe ana watoto," akasema.

Kisha akaniuliza Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko wapi, nami nikababaika. Akanikumbusha msemo: Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikuwa naujua kwa mdomo tu. Nilipofuatilia nikaona hesabu yake ni ya kweli kabisa: kinapotea magharibi wakati wa masika, na Juni, mvua zikiwa zimekwisha, kinachomoza tena mashariki kabla ya alfajiri.

Mbu sasa. Moshi wa siga si kinga, usijidanganye. Vaa mikono mirefu na upake dawa, lakini nawa vidole kabla ya kushika chochote, maana dawa zenye DEET zinayeyusha baadhi ya plastiki za darubini, na zikigusa siga utaonja uchungu mpaka asubuhi.

Na siga zenyewe usizihifadhi kabatini. Zinapenda unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa yetu mara nyingi inazidi hapo, kwa hiyo zinaota ukungu. Joto nalo huangua mdudu wa tumbaku aliyejificha ndani. Nilifungua boksi nikakuta tano zimetobolewa kama filimbi. Sasa natumia kopo la plastiki linalofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya kurekebisha unyevu. Kikopo kingine kidogo chenye mfuniko ni cha majivu na vipande vilivyobaki. Vinarudi nami Tabata, havifukiwi mchangani.

Safari ijayo ni mwezi ukiandama. Shemeji keshasema kiberiti atakishika yeye.