Uso wa Mshindi, Uso wa Aliyeshindwa: Maswali ya Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu namna ya kuzisoma nyuso na miili ya wanamichezo wanapokuwa mashindanoni. Barua nyingi zilikuwa na hoja zinazofanana, hivyo nimechagua sita ambazo zinabeba na hoja za wengine.

SWALI: Niliona gazetini picha ya mchezaji wa tenisi aliyefumba macho, amekenua meno na kukunja uso kama mtu aliyeumia. Nikamwambia mdogo wangu kwamba bila shaka huyo ameshindwa, kumbe ndiye aliyeshinda. Je, ni mimi nisiyejua kusoma nyuso, au wanamichezo wana nyuso zao?

JIBU: Ndugu msomaji, hauko peke yako, na jambo hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2012 watafiti Hillel Aviezer, Yaacov Trope na Alexander Todorov walichapisha katika jarida la Science majaribio yaliyotumia picha za wachezaji wa tenisi wa kulipwa, zilizopigwa mara tu baada ya kupata au kupoteza pointi muhimu. Watu walioonyeshwa uso peke yake hawakuweza kumtenga aliyepata na aliyepoteza. Walioonyeshwa mwili peke yake, uso ukiwa umefutwa, waliweza, na walioonyeshwa picha nzima waliweza pia. Kisha watafiti wakaubandika uso wa aliyepoteza juu ya mwili wa aliyepata, na wa aliyepata juu ya mwili wa aliyepoteza, na watazamaji wakauona uso ule ule kuwa wa furaha au wa uchungu kulingana na mwili uliokuwa chini yake. Linalonishangaza zaidi ni kwamba wengi wa walioona picha nzima walipoulizwa ni kitu gani kiliwaongoza, walijibu kwamba ni uso.

Hisia inapofika kileleni, iwe ya furaha au ya uchungu, misuli ya uso hukazana kwa namna moja: macho hufumba, kinywa hupanuka, meno huonekana, mishipa ya shingo husimama. Mwili ndio unaotoa habari, kwa kuwa aliyepata pointi kwa kawaida hukunja ngumi, hutanua kifua na kujivuta juu, ilhali aliyepoteza mabega yake hushuka, viganja hulegea na raketi huning'inia. Ukikutana tena na picha kama hiyo, funika uso kwa kidole gumba, uangalie mikono na mabega, uamue, ndipo uufunue uso. Ukumbuke pia kwamba picha ya gazetini ni kipande cha sekunde moja kilichochaguliwa kutoka katika picha nyingi, na mhariri hachagui ile inayoeleza ukweli zaidi, bali ile inayosisimua zaidi. Nasema hivyo nikijua kwamba hata gazeti hili lina wahariri.

SWALI: Mume wangu husema kwamba mwanamichezo anayepokea medali ya fedha kwa uso ulionuna hana adabu. Mimi naona ana haki ya kununa. Tuamulie.

JIBU: Dada yangu, sipendi kuingia kati ya mke na mume, lakini ushahidi unaelemea upande wako. Victoria Medvec, Scott Madey na Thomas Gilovich waliwaonyesha watu video za Michezo ya Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992 na kuwataka wakadirie furaha ya washindi kwa kipimo cha 1 hadi 10. Mara tu matokeo yalipojulikana, walioshika nafasi ya tatu walipewa wastani wa 7.1, na walioshika nafasi ya pili wakapewa 4.8. Aliyekuwa juu zaidi kwa matokeo alionekana kuwa chini zaidi kwa furaha, na hali hiyo iliendelea hadi kwenye jukwaa la washindi. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba wa pili humtazama wa kwanza na kuhesabu alichokikosa, ilhali wa tatu huwatazama walioondoka mikono mitupu na kuhesabu alichonusurika.

Katika judo sababu ni ya wazi zaidi, kwa sababu ratiba yenyewe inaamua. Anayepata shaba ameshinda pambano lake la mwisho, na anayepata fedha ameshindwa katika lake. David Matsumoto na Bob Willingham walichunguza picha za mashindano ya judo ya Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004, wakaona kwamba karibu wote waliotwaa dhahabu na wengi wa waliotwaa shaba walitabasamu mara pambano lilipokwisha, lakini hakuna hata mmoja wa fedha aliyetabasamu wakati huo. Baadaye, jukwaani, wenye fedha nao walitabasamu, ingawa tabasamu la jukwaani ni suala jingine. Tabasamu linalotoka moyoni kwa kawaida huinua mashavu na kuyabana macho pembeni, jambo ambalo daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alilieleza tangu karne ya 19, ilhali tabasamu la kutimiza wajibu mara nyingi huishia kwenye midomo.

Mwambie pia mumeo habari ya McKayla Maroney, mwanasarakasi wa Marekani aliyepata fedha katika kuruka juu ya kifaa kiitwacho farasi, London mwaka 2012. Picha yake akiwa ameivuta midomo upande mmoja ilizunguka dunia nzima na kufanywa mzaha, hata akairudia sura ile kwa utani pamoja na Rais Obama alipotembelea Ikulu ya Marekani. Msichana wa miaka 16 alihukumiwa kwa mkunjo mmoja wa midomo. Kukataa kumpa mpinzani mkono ningekuita utovu wa adabu, kununa, hapana.

SWALI: Kuinua mikono mtu anaposhinda na kuinamisha kichwa anaposhindwa, je, tunazaliwa nako au tunajifunza kwa kuwatazama wengine?

JIBU: Sehemu kubwa inaonekana tunazaliwa nayo. Jessica Tracy na Matsumoto, katika utafiti wao wa mwaka 2008, waliwalinganisha wachezaji wa judo wa Olimpiki na wa Paralimpiki wa mwaka 2004, wakiwemo waliozaliwa vipofu ambao kamwe hawajamwona mtu akishangilia. Walioshinda, wenye kuona na wasioona, walielekeza kichwa nyuma, wakainua mikono na kutanua kifua. Walioshindwa walishusha mabega na kukibana kifua. Utamaduni hauondoi ishara hizi, ila huweza kuzifunika: wachezaji wenye kuona kutoka nchi za Magharibi walionyesha aibu ya kushindwa kwa kiasi kidogo zaidi, wakati waliozaliwa vipofu hawakuificha hivyo.

SWALI: Mimi ni golikipa wa timu ya vijana. Kocha anataka nimsome mpigaji wa penalti usoni kabla hajapiga. Nikimwangalia usoni sioni chochote. Nifanye nini?

JIBU: Mdogo wangu, kocha wako ana nusu ya ukweli. Mwendo wa mpigaji kabla ya mkwaju unaweza kukueleza hali ya moyo wake, lakini hauwezi kukueleza upande atakaopiga. Geir Jordet, mtafiti wa Norway aliyechunguza mikwaju ya penalti ya mashindano makubwa kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba wapigaji walio chini ya shinikizo kali, hasa wale ambao wakikosa timu inatolewa, huelekea zaidi kumpa golikipa kisogo wanapotoka kuuweka mpira, na huharakisha kupiga baada ya filimbi. Wanaokimbilia mkwaju kwa namna hiyo hukosa zaidi. Majaribio mengine yameonyesha kwamba golikipa anapoona dalili hizi hujiamini zaidi na huchelewa kuanza kuruka, na kuchelewa huko kuna faida kwa sababu hakumwachii mpigaji nafasi ya kumwona amekwishaamua. Kwa hiyo ukiona kisogo na haraka, faida yako ni utulivu, usiruke mapema.

Upande wa mpira uutafute chini. Mpira unatoka mita 11 na mkwaju wenye nguvu hufika golini chini ya nusu sekunde, kwa hiyo huwezi kusubiri uuone ukiruka. Magolikipa wenye uzoefu, kadiri mpigaji anavyokaribia mpira, huhamisha macho kutoka kichwani kwake hadi kwenye nyonga na mguu wa kukanyagia, kwa kuwa uelekeo wa mguu huo na wa nyonga ni mgumu kuudanganya katika hatua ya mwisho. Macho ya mpigaji ni rahisi mno kuyadanganya, na wapigaji wazuri hufanya hivyo makusudi.

Ikitokea umegundua tabia ya mpigaji fulani, usiitangaze. Mchezaji wa tenisi Andre Agassi amesimulia kwamba baada ya kufungwa na mpinzani wake Boris Becker mara tatu za mwanzo, alitazama video zake na kugundua kuwa Becker alitoa ulimi kabla ya kuanzisha mpira, na kwamba mahali ulimi ulipoelekea palionyesha mpira utakakokwenda. Kazi ngumu, kwa maelezo yake mwenyewe, haikuwa kuusoma ulimi, bali kujizuia asiutumie kila mara, Becker asije akashtuka. Alimweleza siri hiyo baada ya wote wawili kustaafu.

SWALI: Ninafundisha wakimbiaji wa mbio ndefu. Nitajuaje kwa kumtazama tu kwamba mkimbiaji amechoka kiasi cha kuhitaji kupunguza kasi, na nitajuaje kwamba yuko hatarini?

JIBU: Mwalimu, swali lako ndilo lenye uzito zaidi katika barua zote, kwa sababu kosa lake linaweza kugharimu maisha.

Kwanza, usimlinganishe mkimbiaji na mwingine. Mlinganishe na yeye mwenyewe. Emil Zátopek alikimbia kichwa kikiyumba, ulimi nje na uso umekunjamana kama anayeteswa, na kwa sura hiyo hiyo alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki mwaka 1952. Haile Gebrselassie alikimbia mkono wake wa kushoto ukiwa umekunjwa na kubanwa mwilini, tabia inayoelezwa kuwa ilitokana na miaka ya kukimbilia shule huku ameshika vitabu. Kocha asiyemjua angeweza kudhani bega linamuuma. Naye Eliud Kipchoge hutabasamu sehemu za mwisho za marathoni, pale maumivu yanapokuwa makali, na amekwisha kueleza kwamba anatabasamu ili kuulegeza mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na Noel Brick na wenzake, kwa wakimbiaji 24, ulimuunga mkono kwa kiasi fulani: walipotabasamu walitumia nishati kidogo kuliko walipokunja uso, kwa tofauti ya karibu asilimia 3. Kwa hiyo mpinzani anayeliona tabasamu la Kipchoge na kudhani kwamba hajachoka amesoma kinyume.

Andika katika daftari namna kila mkimbiaji wako anavyoonekana akiwa mzima, katika mwendo wa kawaida wa mazoezi: urefu wa hatua, mahali mikono inapopita, namna anavyobeba kichwa, sauti ya miguu ikikanyaga. Siku ya mashindano tafuta kilichobadilika. Mabega yanayopanda kuelekea masikioni, mikono inayoanza kuvuka kifua, kidevu kinachoinuka, hatua zinazofupika na kukanyaga kwa kishindo ni dalili za uchovu wa kawaida ambao mkimbiaji anaweza kuumudu kwa kupunguza kasi au kulegeza mikono. Kugeuka nyuma mara kwa mara nako kuna maana, kwa kuwa anayegeuka sana huwa anamwogopa anayemfuata kuliko anavyomtafuta aliye mbele.

Hatari ina sura tofauti kabisa. Kupepesuka, kutoka nje ya njia, kutoitikia jina lake, kujibu maneno yasiyohusiana na swali, au macho yasiyotulia mahali pamoja, vyote ni dalili kwamba joto la mwili limeanza kuathiri ubongo, na hapo hakuna mjadala: msimamishe, mpoze kwa maji baridi na barafu mara moja, mwite daktari. Utasikia watu wakimtaja Gabriela Andersen-Schiess wa Uswisi, ambaye katika marathoni ya kwanza ya wanawake katika Olimpiki, Los Angeles mwaka 1984, aliingia uwanjani akiwa amepinda upande mmoja na kuchukua zaidi ya dakika tano kumaliza mzunguko wa mwisho. Madaktari walimwacha aendelee kwa sababu waliona bado anatoka jasho. Usiuchukue uamuzi ule kuwa kipimo, kwa maana mkimbiaji anaweza kuwa anatiririka jasho huku joto lake limefika mahali pa kuua.

SWALI: Natangaza mpira redioni. Wasikilizaji hunilaumu kwamba nasema "fulani amekata tamaa" na dakika kumi baadaye fulani huyo anafunga. Je, niache kabisa kuzungumzia lugha ya mwili?

JIBU: Usiache. Mwaka 2014 Philip Furley na Geoffrey Schweizer walionyesha kwamba hata watu wasio wataalamu, wakitazama vipande vifupi vya video vya wachezaji bila kujua matokeo, hukisia vizuri kuliko kubahatisha ni nani anaongoza na ni nani yuko nyuma. Jicho lako linaona kitu cha kweli. Kasoro iko katika kuruka kutoka kwenye mwili hadi kwenye nia. Kichwa kilichoinama kinaweza kuwa cha mtu anayesikiliza msuli wa paja, anayehesabu pumzi, anayetafakari maagizo ya kocha au, ndiyo, aliyekata tamaa. Tena kinaweza kuwa cha mtu anayekudanganya. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali aliegemea kamba raundi baada ya raundi, mikono imeziba uso, akipokea makonde ya George Foreman kama bondia aliyeishiwa. Katika raundi ya nane Foreman, aliyekuwa bingwa na hajawahi kupigwa, alikuwa chini, amechoshwa na makonde yake mwenyewe.

Kwa hiyo mweleze msikilizaji kile ambacho yeye haoni, naye ataamua. Sema kwamba winga hakurudi kukaba mara mbili zilizopita, kwamba alikuwa akiomba mpira kwa mkono na sasa haombi, kwamba ameshika kiuno kila mpira unapotoka nje. Linganisha na kipindi cha kwanza kama ulikuwa ukimtazama. Neno "amekata tamaa" liweke hadi atakapokueleza mwenyewe katika mahojiano baada ya mchezo.