Jiko la gesi au la umeme kwa nyumba ya kupanga?

Ndugu, kati ya jiko la gesi na la umeme uliyouliza, kwa mapishi ya kila siku ningechagua gesi, kwa sababu moto wake hupungua papo hapo, ilhali koili ya umeme hubaki na joto hata baada ya kuzimwa, na chapati huungua huku unaitazama. Kilo 1 ya gesi hubeba nishati ya takriban uniti 13 za umeme, ingawa sehemu kubwa hupotea pembeni mwa sufuria. Maharage ni habari nyingine: sufuria ya presha ya umeme huyaivisha kwa chini ya uniti 1. Kila unapobadilisha mtungi, paka maungio ya mpira povu la sabuni; mapovu yakifutuka, gesi inavuja.