Kanisa la Hronsek: Kwa Nini Halina Mnara Wala Msumari?

SWALI: Ndugu Mhariri, kalenda ya usharika wetu mwaka huu ina picha ya kanisa la kale la Kilutheri la kijiji cha Hronsek, nchini Slovakia. Maelezo yaliyo chini ya picha yanasema kwamba lilijengwa bila msumari hata mmoja wa chuma. Nimeshangazwa na mambo mawili. Kwanza, jengo lenyewe halina mnara, na kwa umbo linafanana na ghala la mazao kuliko nyumba ya ibada. Pili, baba yangu, ambaye amefanya useremala tangu ujana wake, hakubali kwamba paa la kanisa zima linaweza kushikwa kwa mbao tupu. Naomba unieleze kama habari hizi ni za kweli, na kama waliolijenga walikosa fedha au walikuwa na sababu nyingine.
Msomaji, Marangu

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali hili, nawe umfikishie mzee wako salamu zangu, maana shaka yake inagusa kiini cha habari yote. Maelezo ya kalenda ni ya kweli. Walutheri wa Hronsek walinyimwa mnara na misumari na utawala wa wakati wao, na karibu kila jambo lililokushangaza katika umbo la kanisa lao ni amri ya wakubwa iliyotimizwa kwa mbao.

Inabidi turudi nyuma hadi karne ya 16, wakati nchi ambayo leo ni Slovakia ilipokuwa sehemu ya kaskazini ya ufalme wa Hungaria. Mafundisho ya Martin Luther yalifika huko mapema, hasa katika miji ya machimbo kama Banská Bystrica, ambako waliishi Wajerumani wengi, na kabla ya karne hiyo kwisha wakazi wengi wa eneo hilo walikuwa Waprotestanti. Wafalme wa nasaba ya Habsburg, waliokuwa Wakatoliki, walikusudia kuwarudisha katika imani yao, na katika karne ya 17 njia walizotumia zikawa kali: makanisa yalitwaliwa, shule zikafungwa, na mwaka 1674 wachungaji na walimu wengi waliitwa mbele ya mahakama maalumu katika mji ambao sasa ni Bratislava. Baadhi ya waliokataa kuuacha utumishi wao waliuzwa Napoli ili wavute makasia katika merikebu wakiwa wamefungwa minyororo, hadi walipokombolewa mwezi Februari 1676 na jemadari wa majini wa Uholanzi, Michiel de Ruyter. Naieleza habari hii kwa sababu kanisa la Hronsek lilijengwa miaka hamsini tu baadaye, yaani na kizazi kilicholelewa na watu waliokuwa bado wanaikumbuka.

Uasi ulipozidi ndani ya ufalme, Leopold wa Kwanza alilazimika kulegeza kamba. Mwaka 1681 bunge la Hungaria lilikutana katika mji wa Sopron, na katika ibara za 25 na 26 za maazimio yake Waprotestanti waliruhusiwa kujenga makanisa katika mahali palipotajwa, kwa kawaida mawili katika kila wilaya. Ndiyo maana makanisa hayo huitwa hadi leo makanisa ya ibara. Masharti ya namna ya kujenga yaliandamana na ruhusa hiyo kwa maelekezo na kwa desturi iliyoshikwa na wenye mamlaka: kanisa liwe nje ya kuta za mji au pembezoni, lisiwe na mnara, mlango wake usielekee barabara kuu, lijengwe kwa mbao badala ya mawe, lisitiwe misumari ya chuma, na kazi ikamilike ndani ya mwaka mmoja. Kusudi la masharti hayo linaonekana wazi. Mpita njia asilitambue kanisa kwa mbali, na wenye kanisa wasiwe na jengo la kudumu. Sisi tuliozoea kuona mnara wa kanisa la Azania Front pale Dar es Salaam, uliokamilika mwaka 1902 na kuonekana kutoka bandarini, tunapaswa kutafakari kidogo maana ya kukatazwa hata hilo.

Hronsek ni kijiji kidogo kando ya mto Hron, kati ya miji ya Banská Bystrica na Zvolen. Kazi ilianza mwaka 1725 na kwisha mwaka 1726. Ramani yake ni ya msalaba, ambao mkono mmoja una urefu wa meta 23 na mwingine meta 18, na kimo cha jengo ni kama meta 8 tu. Makanisa mengi ya mbao ya Slovakia yamejengwa kwa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, lakini la Hronsek ni la fremu: nguzo, boriti na mihimili ya mshazari inayoonekana waziwazi kwa nje, namna ya ujenzi ambayo wataalamu wengi huihusisha na nchi za Skandinavia.

Sasa nimjibu mzee wako. Katika ujenzi wa namna hii, ncha ya boriti moja huchongwa ikawa ulimi, na boriti ya pili hutobolewa tundu la kipimo kilekile, kisha ulimi ukishaingia tundu, kigingi cha mti mgumu hupigwa kupenya vyote viwili. Mihimili ya mshazari huzuia fremu isiyumbe, na uzito wa paa wenyewe huzidi kuvibana viungo. Mbao hunywa unyevu na kukauka pamoja na kigingi chake, ambapo msumari wa chuma hushika kutu na kulegea. Wazee wetu wa pwani waliijua hekima iliyo karibu na hiyo, kwani mtepe, chombo cha kale cha Lamu, ulishonwa kwa kamba ya nazi na kupigwa vigingi, nao ulisafiri baharini bila msumari.

Ndani ya kanisa ndiko ninakotamani sana picha ya kalenda ingekufikisha. Kwa kuwa ruhusa ilitolewa kwa mahali pachache, Walutheri walitembea hadi Hronsek kutoka vijiji vingi, na hivyo kanisa la kijiji kidogo likalazimika kuwa na nafasi za kukaa watu wapatao 1,100, milango 5 na madirisha 30. Mafundi walizipata nafasi hizo kwa kupanga mabenchi kwa ngazi, safu ya nyuma ikiwa juu kuliko ya mbele, kama katika uwanja wa michezo, na yote yakielekea madhabahu, kwa hiyo hakuna aliyekaa mahali ambapo hakumwona mchungaji. Kwa watu ambao ibada yao hasa ni kulisikia Neno na kuimba pamoja, siwezi kufikiria mpango bora zaidi. Madhabahu ina michoro 6 ya Samuel Kialovič, ya mwaka 1771, ambayo hubadilishwa kwa kufuata majira ya mwaka wa kanisa. Kinanda ni cha mwaka 1764. Kengele nazo zina mnara wake wa mbao uliosimama peke yake kando ya kanisa, tangu 1726. Ukiitazama tena picha yako huenda ukauona.

Mwaka 1781 mfalme Joseph wa Pili alitoa hati ya uvumilivu wa dini, Waprotestanti wakaanza kujenga kwa mawe, na makanisa mengi ya ibara yakaachwa au kubomolewa. Ya mbao yaliyobaki Slovakia ni matano: Hronsek, Leštiny, Kežmarok, Istebné na Svätý Kríž. Matatu ya kwanza yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Mzee wako akiendelea kushuku, umsimulie habari ya hilo la Svätý Kríž, lililojengwa mwaka 1774 na fundi Jozef Lang, ambalo huingia watu wapatao 6,000. Kijiji lilimokuwa, Paludza, kilifunikwa na maji ya bwawa la Liptovská Mara, na kati ya 1974 na 1982 kanisa lilifumuliwa kiungo kwa kiungo na kusimamishwa upya mahali pengine.