Kuchora na Mtoto Mwenye Usonji: Kaa Kando Yake, Ngoja

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wanaoleta watoto kwenye kitengo chetu cha elimu maalumu ni hili: "Mwalimu, akichorachora hivi atapona?" Huwa nawajibu wazi, kwa sababu mzazi aliyekwisha kuhangaika hospitali, kwa waganga na kwenye maombi hastahili kuzungushwa tena. Hapana. Usonji, yaani autism, hali inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, si homa ya kushushwa. Ndivyo ubongo wa mtoto ulivyoumbika, na atakua nao. Wala asikutishe mtu kwamba uliletwa na chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyozua uvumi huo ilifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililoichapisha, The Lancet. Kazi ya sanaa ni nyingine, na kwa mtoto mdogo asiyesema ni kubwa: inampa sababu ya kumgeukia mtu.

Tiba kwa njia ya sanaa ni taaluma kamili. Jina hilo lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942 kupitia mchoraji Adrian Hill, aliyeona faida ya kuchora akiwa amelazwa kwa kifua kikuu, na leo nchini humo huruhusiwi kujiita mtaalamu wa tiba hiyo kama hujasajiliwa kisheria. Huku kwetu Tanzania wataalamu hao ni wa kutafuta kwa tochi. Ninachofanya mimi, mwalimu wa elimu maalumu, na utakachofanya wewe nyumbani, kinaazima misingi yao tu. Hakichukui nafasi ya mtaalamu wa tiba kazi, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, wala wa matamshi. Na ukikutana na mtu anayedai hela nyingi kwa ahadi kwamba michoro itaondoa usonji, chukua mwanao uondoke.

Msingi ninaoutegemea kuliko yote ni kumfuata mtoto. Kitengoni tulikuwa na kijana wa miaka mitano asiyesema neno. Alichora pangaboi tu. Duara dogo katikati, mapanga matatu, basi. Karatasi ikijaa anaigeuza. Shangazi yake alitaka nimfundishe kuchora nyumba na maua kama watoto wengine. Nikamwomba avumilie. Nikakaa sakafuni kando ya mtoto, si mbele yake, nikachukua karatasi yangu nikachora pangaboi langu. Hakujali. Siku zilizofuata nikaendelea hivyohivyo: akichora panga, nami nachora panga, taratibu, kwa mwendo wake. Kisha siku moja nikachora mapanga mawili nikaweka kalamu chini makusudi. Akatazama karatasi yangu. Akaushika mkono wangu, akausukuma mpaka kwenye kalamu. Alipoona bado nimetulia, akainua uso akanitazama, kufumba na kufumbua, halafu akalichora mwenyewe lile panga la tatu kwenye karatasi yangu.

Shangazi mtu alilia. Alijua alichokiona: mtoto ameomba, ameangalia kama ameeleweka, ameingia kwenye kazi ya mwenzake. Hayo ndiyo tunayoyatafuta, na mchoro wa nyumba na maua usingeyaleta. Angalia pia kwamba sikumwambia "nitazame". Wengi wao macho ya mtu huwachosha, na kumshika mtoto kidevu ili akutazame kunamfundisha kukukimbia.

Wazazi wengine huja wamesikia habari za Stephen Wiltshire, Mwingereza mwenye usonji ambaye huuona mji mzima kutoka kwenye helikopta kisha akauchora kwa kumbukumbu, jengo kwa jengo. Wanauliza kama wa kwao naye ana kipaji. Pengine anacho, pengine hana. Watoto wengi wenye usonji huchora kama watoto wengine, na hawatudai kipaji ili tuwapende. Kinachonigusa mimi ni utoto wake. Walimu wake walimwondolea kwa muda vifaa vya kuchorea ili alazimike kuviomba, na neno lake la kwanza likawa "karatasi". Kumnyima mtoto kitu anachokipenda ili aongee sikubaliani nako. Wanafunzi wangu nimewaona wakivurugika kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini kumwekea kifaa mahali anapokiona, kisha ukanyamaza ukamngoja, hilo lifanye kila siku. Sisi watu wazima tuna haraka mno. Mtoto bado anakusanya nguvu ya kuomba, tayari tumeshampa.

Vifaa visikusumbue. Karatasi zilizotumika upande mmoja, chaki, sinia lenye mchanga safi. Kama hataki kabisa kugusa rangi kwa vidole, usimpake kwa nguvu. Ngozi yake huenda inahisi kile kidogo kama kikubwa. Mpe mswaki wa mti uliotafunwa ncha, unashika rangi vizuri sana na mkono unabaki safi. Rangi zenye harufu kali weka mbali. Kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, achana na madonge ya unga yenye chumvi nyingi, maana chumvi hiyo akiimeza inaweza kumdhuru. Mimi hutumia ugali uliopoa, nikautia rangi kwa manjano au maji ya bitiruti. Kuna bibi zetu wanaokereka kuona ugali unachezewa, na wana haki yao. Waeleze kwa heshima kwamba ni tonge moja, na ni la dawa ya mikono.

Akipanga kalamu mstari badala ya kuchora, usizivuruge. Mwongezee moja mwishoni mwa mstari uone atafanya nini. Usimshike mkono kumwongoza. Usimuulize "umechora nini?", swali hilo ni zito hata kwa anayesema. Taja unachokiona kwa maneno machache: "Duara. Duara jingine. Nyekundu."

Dakika kumi zinatosha, saa ileile, mkeka uleule. Kumaliza ndiko kugumu, hapo ndipo vilio hutokea. Sisi tuna kopo lenye mfuniko: kila kalamu inarudi koponi, tunafunika, tunasema "tumemaliza", kila siku neno hilohilo. Usiseme "rangi zimeenda kulala". Wako watakaozitafuta kitandani, nao hawakosei, umewaambia mwenyewe.

Wapo watakaokuonyesha tafiti. Zisome kwa makini. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu tiba ya muziki, wenye watoto 364 kutoka nchi 9, haukuona dalili za usonji zikipungua kuliko kwa wale waliopata huduma za kawaida. Ule ni muziki, si kuchora, lakini ulinifundisha kutopima kazi yangu kwa dalili. Napima kama leo amekaa nami dakika moja zaidi, kama amenipa kalamu, kama amekubali kopo lifunikwe bila kujipiga kichwa.

Kwa hiyo andika tarehe nyuma ya kila karatasi na maneno mawili matatu: alikaa muda gani, alimgusa nani, nini kilimkera. Karatasi hizo zibebe kliniki. Daktari anayemwona mwanao kwa dakika chache akiwa amechoka na foleni atajifunza mengi zaidi kutoka kwenye bahasha hiyo.