Juisi ya karoti na bitiruti baada ya tibakemikali

Dada, umeuliza kama mama aliyemaliza tibakemikali (matibabu ya saratani kwa dawa) anaweza kunywa juisi hii kila siku. Anaweza, ila haitibu saratani wala haiizuii kurudi. Osha kwa maji yanayotiririka kabla ya kumenya, la sivyo kisu kinaingiza uchafu wa ganda ndani. Saga karoti 2, nusu bitiruti, chungwa 1 na tangawizi kidogo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichuje: utatupa nyuzinyuzi, na sukari itapanda haraka. Mililita 150 zinatosha, anywe papo hapo. Mkojo ukiwa mwekundu msishtuke, huenda ni bitiruti; ukiendelea bila kunywa juisi, mwambieni daktari. Balungi aliache mpaka daktari aangalie dawa zake, kwani huzidisha baadhi ya dawa mwilini. Chembe nyeupe za damu, zinazopigana na vijidudu, zikiwa bado chini, mpe mboga zilizopikwa kwanza.