Umetumia kazi ya mtu kwenye video yako, na sasa anakudai

Hapa Dodoma, kwenye chaneli za vijana, za kwaya na hata za walimu, utakuta chini ya video pameandikwa: "Sina nia ya kukiuka hakimiliki." Sentensi hiyo haikulindi. Aliyechukua wimbo mzima bila ruhusa anawajibika hata kama moyo wake ulikuwa safi. Kinachokulinda ni kujua sheria inaruhusu nini, na kuwa na ushahidi kwamba ulibaki ndani ya mipaka hiyo.

Anza na sheria inayokuhusu. "Matumizi ya haki" yanayotajwa sana mtandaoni ni kanuni ya Marekani inayoruhusu kutumia kazi ya mtu bila ruhusa katika hali fulani, iliyoandikwa katika kifungu cha 107 cha sheria yao ya mwaka 1976. Jaji wa kule hupima mambo manne: umeitumia kazi kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani na chenye uzito gani, na matumizi yako yameathiri vipi soko la mwenye kazi. Tanzania haina mizani ya jumla kama hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeorodhesha matumizi huru katika kifungu cha 12: nakala ya matumizi yako binafsi, kunukuu, vielelezo vya kufundishia, kuripoti matukio, na mengine machache. Matumizi yako yasipoingia katika orodha hiyo, tafuta ruhusa. Mtu anayejitetea mbele ya hakimu wetu kwa vigezo vinne vya Marekani anapoteza muda.

Kunukuu ndiko kunakowahusu wengi, na ndiko kunakoharibika zaidi. Kazi unayoinukuu iwe imeshachapishwa kihalali. Nukuu iendane na desturi njema. Isizidi kile ambacho lengo lako linahitaji. Na utaje chanzo pamoja na jina la mwandishi. Masharti haya yanakwenda pamoja. Mtu anaweka filamu yote, anaandika jina la mtayarishaji kwenye maelezo, kisha anashangaa anapodaiwa. Kutaja jina ni sharti mojawapo tu, na hakuwezi kuyafunika mengine aliyoyavunja.

Kuhusu kiasi, acha kabisa kuamini habari za "sekunde saba zinaruhusiwa". Hakuna sheria inayosema hivyo, si yetu wala ya Marekani. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani ililihukumu jarida lililochukua maneno yapatayo 300 kutoka mswada wa maneno 200,000 hivi wa kumbukumbu za Rais wa zamani Gerald Ford. Maneno yale machache yalikuwa kiini cha kitabu, na kitabu kilikuwa bado hakijatoka. Kwa hiyo jiulize hivi: nikiondoa kipande hiki, hoja yangu inabaki bila cha kuielezea? Kama unachambua uimbaji wa kwaya, cheza mstari unaouzungumzia, simamisha, ongea, kisha endelea. Kama kipande kipo ili video ipendeze tu, hiyo si nukuu.

Kwa kuwa Bunge liko hapa, swali la hotuba za wabunge halikomi. Hotuba ya kisiasa iliyotolewa hadharani unaweza kuiripoti kwa lengo la kuhabarisha, na habari ya siku kama habari haina mwenye hakimiliki. Lakini picha za video zilizorushwa na kituo cha televisheni ni jambo jingine: kituo kina hakishiriki, yaani haki inayofanana na hakimiliki, juu ya matangazo yake. Nukuu maneno kwa maandishi au yasome kwa sauti yako, na ukihitaji picha, omba kwa kituo husika. Ngoma za Wagogo nazo hazipaswi kuchukuliwa kama mali isiyo na mwenyewe. Sheria ile ile ina sehemu kuhusu sanaa za jadi, na kuzitumia kwa kipato nje ya mazingira yake ya asili kunahitaji kibali. Juu ya hapo, kikundi cha Chamwino au Bahi ulichokirekodi kina haki zake za wasanii watumbuizaji. Mkubaliane kwa maandishi kabla kamera haijawashwa, mkieleza malipo na mahali video itakapoonyeshwa.

Sasa dai limefika. Kwenye YouTube, soma kwanza ni la aina gani. Dai la Content ID hutoka kwenye mfumo wa kompyuta wa YouTube unaotambua kazi za watu ndani ya video, na kwa kawaida huhamisha mapato au kuzuia video. Ukilipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Akilishikilia, unaweza kukata rufaa, na hapo ana siku 7. Ukipinga ndani ya siku 5 za mwanzo, mapato hushikiliwa tangu siku dai lilipowekwa, na wengi hukosa fedha hizo kwa kuchelewa tu. Ombi la kuondoa video ni zito zaidi: huleta onyo, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Kulijibu rasmi ni kutoa tamko la kisheria. Jina lako kamili na anwani vinapelekwa kwa mdai, na unakubali mamlaka ya mahakama ya Marekani. Baada ya hapo mdai ana siku 10 za kazi za kuonyesha kwamba amefungua shauri, la sivyo video inarudishwa. Usilitoe tamko hilo kwa hasira.

Ukiwa wewe ndiye mwenye kazi, haki inakudai nawe. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika shauri la video ya sekunde 29 ya mtoto akicheza muziki, ilisema mwenye hakimiliki lazima afikirie kwanza kama matumizi yale ni ya haki ndipo aombe video iondolewe. Huo ni utaratibu mzuri hata hapa. Andika barua inayotaja kazi yako, kiungo cha video, dakika na sekunde ilipotumika, unachotaka, na siku 14 za kujibu. Kiasi unachodai kilingane na ada ambayo ungetoza kama angeomba ruhusa mapema. Madai ya mamilioni yasiyo na hesabu humfanya mwenzako akimbilie wakili badala ya kuzungumza.

Ushahidi ukusanywe siku hiyo hiyo, kwa sababu video hufutwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha kiungo na tarehe, hifadhi faili halisi la kurekodi, barua pepe za ruhusa na risiti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaupokea ushahidi wa namna hii, ila mahakama huangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Faili lililopita WhatsApp mara kadhaa limepunguzwa ubora na kupoteza taarifa zake za ndani, kwa hiyo tunza la kwanza kwenye kifaa chake.

Ukitoa pendekezo la suluhu, andika wazi kwamba linatolewa kwa sharti la kutotumika kama ushahidi. Shauri la madai likifunguliwa, usuluhishi hutangulia kusikilizwa, na mashauri mengi ya aina hii yanafaa kuishia hapo. Hati ya makubaliano iseme kiasi na tarehe ya kila awamu, video itafutwa au itabaki, jina la nani litaandikwa na wapi, na awamu moja ikikosekana kitafuata nini. Kisha iwasilishwe mahakamani iandikishwe kuwa hukumu, ili asiyelipa akazwe hukumu bila kufungua shauri jipya.